Yupi Kati Yetu Aende Kambini

Mwezi uliopita nilimnunulia binti yangu raba za shule pale Ngara mjini. Mwenye duka alipofungua boksi, harufu ya mpira mpya ikanipanda puani, nami nikajikuta nimenuna mbele ya watu. Binti yangu akaniuliza, "Mama, hazijakupendeza?" Nikamwambia zimenipendeza sana. Ningemwelezaje mtoto wa darasa la pili kwamba kuna boksi jingine la raba, lililokaa chini ya kitanda chetu kijijini Kirushya nilipokuwa na umri wa kubalehe, na kwamba harufu yake bado inanitia wivu, mimi mtu mzima mwenye nyumba na watoto?

Sisi tulizaliwa pacha. Kwa watu wa asili ya Burundi kama sisi, pacha wa kwanza kutoka huitwa Bukuru na wa pili Butoyi, kwa hiyo hata majina hatukuchaguliwa, tuliyakuta yanatusubiri. Mimi ndiye Butoyi. Tulifanana kiasi kwamba padre alikuwa anatubariki wote wawili kwa mkupuo ili asikosee. Na kwetu pacha walinunuliwa vitu sawa. Kitenge kikikatwa, kilikatwa mara mbili. Sabuni ikiletwa, iligawanywa kwa uzi ili pasiwe na kipande kikubwa wala kidogo. Baba alikuwa mlinzi katika kituo cha mafuta Nyakanazi, na kila alipotuma kitu kwa basi, tulijua kabla ya kufungua kwamba vitakuwa viwili viwili. Sikuwahi kufikiria kwamba siku moja boksi lingekuja moja.

Tulikuwa kidato cha pili alipokuja Mwalimu Adela. Alitokea upande wa Bukoba, kijana bado, na kabla ya ualimu alikuwa amefanya kazi ya kupiga video. Yeye na wenzake walikuwa wanaandaa kambi ya filamu kwa vijana wa shule mbalimbali, ifanyike Biharamulo wakati wa likizo ndefu. Alitutangazia darasani, akaliandika neno kambi ubaoni kwa herufi kubwa, na darasa zima likaangua kicheko.

Mlio wa rika langu na mliokulia huku mtaelewa tulichochekea. Ngara neno kambi lilikuwa na maana moja tu, ya wakimbizi: mahema, foleni ya unga, blanketi za kijivu. Mvulana mmoja akauliza kama tutapewa na sufuria. Mwalimu Adela, mgeni wa watu, hakuelewa. Akatueleza kwa upole kwamba ni mahali pa kujifunza, tutalala bwenini, tutatengeneza filamu zetu wenyewe, na mwisho zitaonyeshwa ukutani kwa kitambaa cheupe, watu waje waone.

Nyumbani tuliporudi na habari hiyo, Mama alifurahi. Nyogokuru, yaani bibi yetu mzaa baba, alikuwa anamenya ndizi. Aliposikia "kambi" kisu kikasimama mkononi.

"Kambi gani?"

"Ya filamu, Nyogokuru. Ya kupiga picha," alisema Bukuru.

"Na watu watakaa humo? Watalala?"

"Watalala."

Akaendelea kumenya. Mimi nilidhani amechoka.

Mwalimu Adela alisema shule yetu imepewa nafasi moja tu, lakini yeyote aliyetaka angeweza kufika Jumamosi kwa maandalizi, kisha angeangalia nani ameiva. Tulijitokeza kundi dogo. Siku ya kwanza hatukugusa kamera. Alitugawia viboksi vitupu vya kiberiti alivyokuwa amevitoboa, akatuambia tutembee kijijini tukichungulia kwa jicho moja.

"Kitakachobaki nje ya tundu, mtazamaji hatakijua kabisa," alisema. "Kwa hiyo chagueni vizuri."

Tukatembea tumefumba jicho moja, viberiti usoni, tukijikwaa kwenye mashina ya migomba. Watoto wadogo walitufuata wakituzomea. Kina mama waliokuwa wanapiga maharage waliacha fimbo zao wakacheka mpaka wakakaa chini. Lakini mimi sikusikia aibu. Ndani ya tundu lile niliona mkono peke yake ukishika fimbo, makapi yakiruka, na jua la asubuhi likipita katikati ya vumbi. Kitu nilichokuwa nakiona kila mwaka kikawa kipya.

Jumamosi nyingine alitukalisha uwanjani, tukafumba macho, tukasikiliza. Kisha kila mmoja aseme amesikia nini. Bukuru alishindwa kunyamaza, akacheka katikati, akaambukiza wengine. Ilipofika zamu yangu nikasema nimesikia mtu anachota maji kwa kopo lenye tundu, nimesikia mbuzi ana kikohozi, nimesikia Mwalimu amevaa bangili ila leo ameisukuma juu isigonge. Mwalimu Adela akanitazama, akaishusha bangili yake taratibu. "Huyu anasikia," akasema.

Sijui kama mnaweza kuelewa sentensi hiyo ilinifanyia nini. Maisha yangu yote Bukuru alikuwa ndiye anayeonekana. Yeye ndiye aliyeimba kanisani, ndiye aliyepewa kazi ya kupokea wageni, ndiye aliyecheka na wauza ndizi gulioni mpaka wakatuongezea. Mimi nilikuwa yule mwingine. Watu waliponikuta peke yangu waliniita Bukuru, na nilipowaambia mimi ni Butoyi walisema "aa" kwa sauti ya mtu aliyefungua chungu akakuta maji. Sasa kwa mara ya kwanza nilikuwa na kitu ambacho yeye hakuwa nacho.

Zoezi la mwisho lilikuwa kumpiga picha ya video mtu akiwa kazini, kwa kamera ndogo ya Mwalimu, bila kumwambia atazame. Bukuru alimpiga fundi baiskeli. Picha yake ilitikisika kama imepigwa juu ya baiskeli yenyewe, na kidole chake kilionekana pembeni. Tulicheka, naye alicheka kuliko wote. Mimi nilimpiga Nyogokuru akichambua maharage. Sikufanya lolote la ajabu, nilikaa tu chini, kamera juu ya magoti, nikangoja. Mikono yake ilikuwa inatenga mabovu na mazima bila yeye kuangalia. Katikati akaacha, akaishika punje moja, akaitazama kwa muda mrefu, kisha akaiweka peke yake mbali na zote. Mwalimu Adela aliionyesha picha ile kwa kundi, kisha akairudia.

Nikarudi nyumbani najua. Sikumwambia mtu, lakini nilijua. Nilianza hata kumwonea Bukuru huruma, nikawa namwachia kipande kikubwa cha kiazi.

Siku moja kabla ya jibu kutangazwa nilikuwa shambani nyuma ya mibuni, natafuta kuni. Nikamwona Nyogokuru anapita njiani amevaa kitenge chake cha misa, kichwani kikapu cha ndizi mbivu. Hakuwa mtu wa kutembea ovyo. Nikamfuata kwa mbali. Alikwenda moja kwa moja nyumba za walimu, akakaa barazani kwa Mwalimu Adela, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Walizungumza kwa muda. Nilikuwa mbali, upepo unachukua maneno, lakini neno moja lilinifikia vizuri. "Bukuru." Kisha tena, "Bukuru." Mwalimu akatikisa kichwa, Nyogokuru akazidi kumshika. Mwisho Mwalimu akainamisha uso, akakubali kikapu.

Kesho yake Mwalimu Adela alitushukuru wote, akasema tumejitahidi sana. Kisha akasema atakayekwenda ni Bukuru. Hakunitazama. Bukuru alipiga kelele, akanirukia shingoni, akanibusu, na mimi nilisimama kama nguzo. Wivu mnaoujua ninyi sijui unakaa wapi. Wangu ulikaa chini ya kidevu, kama tonge la ugali ambalo halijatafunwa, na kwa majuma kadhaa nilikula, nikanywa, nikasali, tonge likiwa palepale.

Hesabu yangu ya kitoto ilikuwa rahisi. Nyogokuru anampenda Bukuru, kwa hiyo amekwenda kumwombea, na Mwalimu amekubali kwa sababu ya ndizi. Tangu tukiwa wadogo mimi ndiye niliyelala na Nyogokuru. Mgongo wake ndio uliokuwa ukuta wangu. Usiku wa siku hiyo nilichukua shuka nikahamia kwa Bukuru. Nyogokuru aliniona nikipita na shuka.

Maandalizi ya nyumbani yalinitesa kuliko ya shuleni. Mama alimsuka Bukuru nywele, kisha akaniambia zangu zitasubiri. Shangazi alileta begi. Halafu basi likaleta boksi kutoka kwa Baba. Tulilifungua mezani. Raba nyeupe zenye mstari wa bluu, na ile harufu. Nilinyoosha mkono ndani ya mfuko wa nailoni uliolibeba boksi, kutafuta la pili. Mfuko ulikuwa mtupu. Mama akaniona mkono ukiwa ndani, akasema, "Zako atatuma mwezi ujao," na mimi nikasema, "Sijauliza."

Hata njiani mambo yalibadilika. Watu waliokuwa hawawezi kututofautisha sasa walitaka kujua yupi ni yupi. "Huyu ndiye anayekwenda kambini?" walimuuliza Mama, naye akaonyesha. "Na huyu?" "Huyu yupo." Nilikuwa yupo. Bukuru naye alikuwa na bidii ya kujifunza, akaazimwa kamera, akawa ananitumia mimi. "Kaa pale, Butoyi. Geuka kidogo. Usitazame huku." Nikageuka, sikutazama, na machozi yakanitoka upande ule usioonekana. Nilijua ameweka jua mbele ya kamera na kwamba picha yote itakuwa nyeusi. Sikumwambia.

Siku moja alinikuta nimevaa raba zake chumbani, natembea kutoka ukutani hadi mlangoni. Nilingoja agombe. Bukuru akakaa kitandani, akasema, "Vaa tu, zilainike." Ningeona afadhali angenipiga.

Jioni ya mwisho kabla ya safari tulikwenda chemchemi kuteka maji. Bukuru alikuwa kimya, jambo lisilo la kawaida. Tulipojaza madumu akakaa juu ya lake.

"Butoyi, mimi sitaki kwenda."

Nikadhani ananitania.

"Sijawahi kulala mahali ambapo wewe hupo," alisema. "Na hicho kitu sikijui. Mwalimu anasema 'tulia', mimi siwezi kutulia. Nitachekwa na watoto wa Biharamulo." Akanishika mkono. "Nenda wewe. Nani atajua?"

Kweli, nani angejua? Kesho angejifunika shuka gubigubi, aseme hataki kuamka kuaga mtu. Kila mtu angeamini kwamba ni Butoyi amenuna, kwa sababu Butoyi alikuwa amenuna mwezi mzima. Mimi ningevaa raba, nichukue begi, nijibu nikiitwa Bukuru. Nilikuwa nimejibu jina hilo maisha yangu yote. Tulirudi na maji, na tonge likashuka kwa mara ya kwanza.

Asubuhi ukungu ulikuwa umefunika vilima vyote, huoni hata kibanda cha jirani. Nilijifunga kitambaa kichwani kuficha nywele ambazo hazikusukwa. Mama aliniita nje nivae viatu. Alichuchumaa, akaanza kunifunga kamba. Mguu wa kwanza, kisha wa pili. Hapo akainua uso akanitazama. Alinitazama kitambo, mikono imeshika kamba. Kisha akazivuta akaongeza fundo.

"Zikilegea huko, omba mtu akuonyeshe," alisema. "Ukikosa kitu, omba. Usione haya kuomba."

Bukuru hakuwahi kuona haya kuomba chochote. Nikaelewa kwamba Mama ananijua, na kwamba ananiacha niende. Nilitaka kumkumbatia lakini niliogopa kufanya jambo lisilo la Bukuru, halafu nikakumbuka kwamba Bukuru angemkumbatia, nikamkumbatia.

Basi dogo, Kosta, lilikuwa limesimama barabarani, injini inaunguruma ndani ya ukungu, na vijana wa kata nyingine walikuwa wameshapakiwa, wanaimba. Mwalimu Adela alikuwa mlangoni. "Shikamoo Mwalimu," nikasema kwa sauti ya juu, ya Bukuru. "Marahaba, panda mama, tumechelewa." Nikaweka mguu kwenye ngazi.

Mtu akanishika kifundo cha mkono.

Nyogokuru alikuwa ametangulia barabarani bila sisi kujua, ili ambariki anayeondoka. Macho yake yalikuwa yameanza kuzimika siku zile. Hakunitazama hata kidogo. Aliushika mkono wangu, akaupapasa kiganjani, akauleta puani.

"Huyu si Bukuru," alisema kwa Kirundi. "Huyu ni wangu."

"Mama, mwache aende," alisema Mama. "Watoto wamekubaliana wenyewe."

"Wamekubaliana? Na mimi nilikubaliana na mwalimu. Nilikwenda nikaomba, nikakubaliwa."

Nikalipuka. Mwezi mzima wa kunyamaza ulitoka kwa mara moja. "Ulikwenda kumwombea Bukuru! Nilikuona! Ulipeleka ndizi ili Bukuru achukuliwe!"

"Nilikwenda kukuombea wewe," alisema Nyogokuru. "Uachwe."

Sikuelewa. Nikamgeukia Mwalimu Adela. Alikuwa ameshika mlango wa gari, uso umemshuka.

"Ni kweli, Butoyi," alisema. "Nilikuwa nimekuchagua wewe. Tangu ile siku ya kusikiliza nilikuwa nimekuchagua. Bibi yako akaja akalia, akaniomba nikuache, nimchukue Bukuru. Ningefanyaje? Ni mzazi."

Ndani ya gari walikuwa bado wanaimba. Nakumbuka nilisikia wimbo wote, mpaka aliyekuwa anakosea maneno.

"Kwa nini?" nikauliza. "Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu najua makambi," alisema Nyogokuru. "Kambi inachukua watoto. Bukuru akipotea ataita mpaka mlima uitike. Atamwambia kila mtu jina lake na la baba yake, atarudishwa. Wewe utakaa chini utasubiri. Hutauliza njia. Wewe siwezi kukutoa."

Mama alikuwa amefunika mdomo kwa kanga. Mwalimu Adela akasema, polepole, kwamba Biharamulo si mbali, kwamba yeye mwenyewe atakuwepo, kwamba kama nataka kwenda nipande tu na yeye atanitetea. Dereva akapiga honi.

Mkono wa Nyogokuru haukuwa na nguvu. Ningeuvuta wangu, ungetoka kama unavyotoka kwenye kikuku kilichopwaya. Nimeifikiria dakika ile miaka mingi. Sikuuvuta, na si kwa huruma. Nilitaka aniachie yeye mwenyewe. Nilitaka aseme, basi, nenda. Nilisimama na mguu mmoja kwenye ngazi, nikasubiri, sawasawa na alivyosema nitafanya. Hakuniachia.

Hatukujua kwamba Bukuru alikuwa nyuma yetu. Alikuwa amekimbia peku kutoka nyumbani alipogundua kitanda cha Nyogokuru kitupu, akajua atanitambua. Alisimama kwenye majani yenye umande, kifua kinapanda na kushuka, na sijapata kumwona tena na uso kama ule. Hakucheka. Alisema tu, "Vua raba."

Nikakaa chini kwenye vumbi la barabara nikafungua mafundo ya Mama, moja baada ya jingine. Bukuru akavaa, akachukua begi, akapanda. Hakutuaga. Kosta ikaondoka kuelekea njia ya Lusahunga, na ukungu ukaimeza kabla haijafika kona.

Siku zilizofuata sikusema na Nyogokuru. Mchana mmoja tukiwa tunamenya ndizi, yeye mwenyewe ndiye aliyeanza. Akasema alipovuka mto kukimbilia Tanzania alikuwa na watoto wawili, Baba na mdogo wake wa kike aliyeitwa Kaneza. Walipofika kambini Kaneza akapata homa. Watu wa tiba wakaja na gari, wakasema watoto wagonjwa wanapelekwa mahali penye dawa, watarudishwa wakipona. Hakukuwa na nafasi ya mama, na Baba alikuwa bado mdogo, hakuweza kuachwa peke yake. Akampandisha Kaneza garini. Alikuwa mtoto wa kimya, alisema Nyogokuru, akiulizwa jina alikuwa anatazama chini. Gari lilirudi na watoto wengine. Alizunguka kila hema, kila zahanati, akiuliza, na kote aliambiwa watoto ni wengi, wengine hawakutaja majina.

"Alikuwa analala hapa," alisema, akajigusa mgongo kwa mpini wa kisu.

Ningependa kuwaambia kwamba nilimwelewa. Nilirudi kulala kwake usiku ule, hilo ni kweli. Lakini nikiwa nimejibanza mgongoni kwake niliwaza Biharamulo. Niliona kitambaa cheupe, watu wamekaa, na picha niliyopaswa kuipiga mimi. Nilikuwa nimependwa kuliko wote nyumbani kwetu, na ningetoa upendo wote huo nipate kiti kimoja kwenye ile Kosta.

Bukuru alirudi salama, amenenepa, sauti imekauka kwa kuongea. Alisimulia malori ya Lusahunga, mvua iliyolowesha magodoro, rafiki zake wapya. Alikuwa amejifunza kutulia. Filamu yake ya mwisho ilipigiwa makofi, Mwalimu Adela alituambia. Nilimsikiliza kila neno na kila neno lilinichoma, mpaka yale ya mbu. Baada ya hapo hakushika tena kitu kingine isipokuwa kamera. Leo anaishi Mwanza, kupiga filamu ndiyo kazi yake, na kuna watu hapa Ngara wanaonisimamisha njiani kuniuliza habari zake. Mimi nina duka la dawa. Ni duka zuri. Nilimtunza Nyogokuru hadi mwisho, nikimwogesha, nikimlisha, nikimjibu alipokuwa ananiita Kaneza.

Tulimzika mwaka jana nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Bukuru alikuja na begi lake la kamera, na watu wote wakamzunguka kama kawaida. Nilikuwa nagawa chai. Nilimwona padre anacheka naye, nikaona Mama anamshika shavu, na lile tonge, baada ya miaka yote hiyo, likapanda likakaa mahali pake.

Wageni walipopungua alikuja akakaa nami kwenye mkeka. Hakuwa ametoa kamera siku nzima.

"Hukupiga hata picha moja," nikasema.

"Ningepiga nini? Mimi simjui. Wewe ndiye unayemjua." Alichezea pindo la kitenge chake. "Unajua kwa nini huwa nakuja nyumbani nakaa siku mbili naondoka?"

"Kazi zako ni nyingi."

"Siku ile barabarani nilisikia yote, Butoyi. Kulikuwa na wawili, na alihitaji kumtoa mmoja. Akanitoa mimi."

"Hakusema hivyo. Alisema wewe hupotei."

"Alisema wewe hawezi kukutoa. Mimi aliweza." Sauti yake ilikuwa tulivu kabisa. "Kule kambini nilikuwa na kamera shingoni, kila mtu ananipenda, na nilikuonea wivu. Nilikuwa nafikiria umejibanza mgongoni kwake. Kila nilichofanya tangu siku ile nimekifanya ili ajute. Sasa amekufa, na hakujuta."

Miaka yote nilikuwa nimeutazama wivu wangu kwa jicho moja, nikidhani niko peke yangu nao. Nikamwambia. Nilimwambia kuhusu Biharamulo, na kitambaa cheupe, na jinsi ninavyosikia vibaya mteja akiingia dukani akasema amemwona dada yangu kwenye runinga.

"Lakini wewe ulichaguliwa," alisema Bukuru. "Mara mbili. Na Mwalimu, na Nyogokuru."

"Na wewe ndiye uliyekwenda."

Tulitazamana, uso mmoja na ule ule, wote tukiwa na hasira. Jikoni Mama akaita kwa sauti yake iliyochoka, "Mmoja wenu aje anisaidie huku!" Hakutaja jina. Tulikaa palepale kwenye mkeka, mimi na yeye, kila mmoja akisubiri kusikia kama ni yeye anayetakiwa.